Marietta: Mji Uliotupokea

Hotuba iliyosomwa ukumbini jioni ya kwanza ya mkutano wa ukoo

Baba mdogo, mkuu wa ukoo wetu. Wazee na mama zetu. Shemeji, ndugu, wapwa na wajukuu mliofika kutoka Wundanyi, Voi, Mombasa, Muscat, Leicester na Minneapolis.

Kamati ya maandalizi ilinitaka niwaeleze kwa muda wa nusu saa historia ya mji huu na mahali mtakapopelekwa kesho. Sababu iliyotolewa ni kwamba mimi ndiye niliyekaa hapa kuliko wote, tangu mwaka 1995. Sababu ya pili, ambayo kwa adabu haikutajwa, nadhani ni kwamba mtu akikabidhiwa historia hatapata nafasi ya kuingilia ajenda ya Jumapili. Nitajitahidi kuwatii. Lakini nawatahadharisha mapema kwamba katika mji huu ni vigumu kutembea mwendo wa robo saa bila kufika makaburini.

Marietta ni makao makuu ya wilaya ya Cobb katika jimbo la Georgia, takriban kilomita 32 kaskazini magharibi ya katikati ya Atlanta. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wakazi 60,972. Ninyi mliotoka uwanja wa ndege usiku mliona taa zisizokatika tangu Atlanta hadi mlangoni mwa hoteli, na mpwa wangu mmoja aliniuliza mji wenyewe unaanzia wapi. Ni swali la haki. Hata hivyo, msidhani kuwa hiki ni kitongoji kilichoota juzi pembezoni mwa jiji. Marietta ulitambuliwa kisheria kuwa mji mwaka 1834, na kile kigingi cha mwisho wa reli kilichokuja kuzaa Atlanta kilipigwa mwaka 1837. Kwa umri, basi, huyu ndiye kaka, ijapokuwa mdogo wake amemzidi kimo. Jina lake husemekana kuwa lilitokana na Mary, mke wa seneta Thomas Cobb ambaye wilaya iliitwa kwa jina lake.

Lakini kabla ya Mary na mumewe, nchi hii ilikuwa ya Wacherokee. Walikuwa na mashamba, vivuko na vijiji. Walikuwa na maandishi ya lugha yao na gazeti lao. Dhahabu ilipoonekana kaskazini mwa Georgia mwishoni mwa miaka ya 1820, serikali ya jimbo iliipima ardhi yao, ikaikata vipande, na mwaka 1832 ikavigawa kwa raia weupe kwa njia ya bahati nasibu, wenyewe wangali wanaishi humo. Hebu mfikirie mtu ameketi barazani kwake, na kule mjini jina la mgeni linachomolewa kutoka pipani pamoja na namba ya shamba lake. Mwaka 1838 askari waliwakusanya, wakawafungia kambini, kisha wakawapeleka magharibi hadi nchi ambayo leo ni Oklahoma. Hesabu ya waliokufa njiani na kambini hutajwa kuwa takriban watu 4,000.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza, nilikumbuka jambo ambalo wazee wetu walilisimulia kwa sauti ya chini. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwatuhumu watu wa Kasighau kuwa waliwasaidia Wajerumani. Wakawang'oa mlimani kwao, wakubwa kwa wadogo, wakawapeleka Malindi, kwenye joto na magonjwa wasiyoyazoea, na wengi wakafia huko. Waliosalia hawakurudi Kasighau mpaka miaka ya 1930. Wale wa Kasighau walirudi. Wacherokee wa hapa hawakurudi, na ardhi waliyoiacha ndiyo iliyo chini ya ukumbi huu. Sisemi hivi ili mjione wezi. Nasema ili watoto wetu wanaozaliwa hapa wajue kwamba sisi si wageni wa kwanza wala wa mwisho.

Reli ndiyo iliyoukuza mji. Ilikuwa mali ya serikali ya jimbo, ikiunganisha Atlanta na Chattanooga, na kufikia mwaka 1842 garimoshi lilikwisha kufika Marietta. Kesho mtaliona jengo la matofali kando ya reli liitwalo Kennesaw House. Lilijengwa mwaka 1845 kuwa ghala la pamba, baadaye likageuzwa hoteli, na sasa ni makumbusho ya mji. Humo na katika hoteli jirani, usiku wa tarehe 11 Aprili 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, walilala wapelelezi wa Kaskazini wakiongozwa na James Andrews, wamevaa nguo za kiraia. Alfajiri walipanda garimoshi kama abiria. Kituo kilichofuata, abiria wengine waliposhuka kula chakula cha asubuhi, wao waliifungua injini iitwayo General pamoja na mabehewa machache wakakimbia nayo kuelekea kaskazini, nia yao ikiwa kuchoma madaraja na kuikata reli. Mkuu wa garimoshi, William Fuller, aliwafukuza kwanza kwa miguu, kisha kwa kigari cha kusukuma, kisha kwa injini yoyote aliyoikuta. Baada ya kilomita 140 hivi kuni zilikwisha, wakakamatwa. Andrews na wenzake saba walinyongwa. Wako wawili ambao hawakupanda garimoshi hata kidogo, kwa sababu walipitiwa na usingizi hotelini. Nawasihi vijana mkumbuke hilo, maana basi letu la kesho halitamngoja mtu.

Kisa hiki hapa hukisimulia kama mchezo, na kilitengenezewa filamu mwaka 1926. Sisi tuliokulia Taita hatuwezi kukisikia hivyo. Kati ya mwaka 1914 na 1916 Wajerumani waliokuwa wameishika Taveta walituma doria zao nyikani kwenda kuilipua reli ya Uganda, na waliolipia ni watu wa kando ya reli. Kasighau niliyoitaja ni sehemu ya deni hilo.

Mlima wa Kennesaw mtauona kutoka karibu kila mahali. Nasema mlima kwa heshima ya wenyeji. Una mita 551, na kwetu Vuria ina mita 2,208. Baba mdogo alipoonyeshwa jana aliuliza, "Huu ndio?" Naam, huu ndio. Husemekana kuwa jina Kennesaw limetokana na neno la Kicherokee lenye maana ya mahali pa kuzikia. Tarehe 27 Juni 1864 jenerali Sherman wa Kaskazini aliwapeleka askari wake waupande moja kwa moja mbele ya bunduki za Kusini. Kabla ya jua kuwa kali alikwisha kupoteza takriban watu 3,000, kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Upande wa pili walikuwa 1,000 hivi. Hakuuteka. Aliuzunguka tu siku chache baadaye, jambo ambalo angeweza kulifanya tangu mwanzo. Mnamo Novemba mwaka huohuo, majeshi yake yalipokuwa yakiondoka, majengo mengi ya katikati ya mji yalichomwa moto. Ndiyo sababu uwanja wa mji, ambao leo una bustani iliyopewa jina la John Glover, meya wa kwanza, umezungukwa na maduka yaliyojengwa baada ya vita. Upande mmoja wa uwanja mtaiona sinema ya Strand ya mwaka 1935, ambayo sasa ni ukumbi wa maonyesho.

Sasa nafika mahali ambapo nimepatembelea mara nyingi kuliko pengine popote katika mji huu.

Vita vilipokwisha, maelfu ya maiti walikuwa wamefukiwa ovyo mabondeni na kando ya mahandaki. Alikuwako Marietta mfanyabiashara mmoja, Henry Greene Cole, aliyebaki mtiifu kwa Kaskazini ijapokuwa aliishi Kusini. Yeye alitoa ardhi yake, na nia yake ilikuwa kwamba askari wa pande zote mbili walazwe pamoja, pengine walio hai wangejifunza kutoka kwa wafu. Pande zote mbili zilikataa. Basi mwaka 1866 kilima chake kikawa makaburi ya taifa, wakazikwa zaidi ya askari 10,000 wa Kaskazini, na kama 3,000 kati yao hawajulikani majina. Jiwe lina namba tu. Wa Kusini, zaidi ya 3,000, wamelazwa katika makaburi yao wenyewe yaliyoanza mwaka 1863, ng'ambo ya mji. Ukiwa na miguu mizuri unaweza kutoka makaburi haya hadi yale kabla chai haijapoa. Hata hivyo hawakukubali.

Mimi husimama pale na kujiuliza mambo mawili. La kwanza ni kwamba hata asiye na jina alitafutwa, akafukuliwa shambani, akapewa jiwe na namba. Kule kwetu, askari wa Kiingereza waliokufa vita vya 1914 hadi 1918 wana makaburi yaliyotunzwa Voi na Taveta, majani yamekatwa na majina yamechongwa. Wapagazi waliowabebea mizigo, ambao walikufa kwa wingi kuliko askari, hawana. Babu wa babu zetu wamo humo, na hatujui hata ni chini ya mti gani. La pili nitalisema baadaye.

Mwaka huohuo wa 1866 watu weusi waliokuwa watumwa, ambao walikuwa wakiketi katika kanisa la mabwana zao, walitoka wakaanzisha kanisa lao la Zion Baptist. Lipo hadi leo, na jengo lao la zamani ni makumbusho. Tulipofika hapa miaka ile ya tisini, Waafrika wa Afrika Mashariki tukiwa wachache na tunajuana kwa magari, tulidhani historia ya weusi wa Marietta haituhusu. Tulikuwa wajinga. Mlango tulioingilia kazini, shuleni na benki, wao ndio walioubomolea ukuta.

Kijana mmoja wa kamati alinishauri nisitaje jambo linalofuata, kwa kuwa kuna watoto. Nimemsikiliza, na nitalitaja kwa ufupi. Mwaka 1913 msichana wa miaka 13, Mary Phagan, aliuawa katika kiwanda cha penseli huko Atlanta. Jamaa zake walikuwa watu wa Marietta, na amezikwa hapa. Msimamizi wa kiwanda, Leo Frank, Myahudi, alihukumiwa kifo kwa ushahidi ambao wanahistoria wengi wanauona mbovu. Gavana John Slaton aliisoma kesi yote, akabadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha. Ndipo genge la wanaume wa Marietta lilipokwenda usiku hadi gereza la Milledgeville, likamtoa, likamleta hapa, likamnyonga kwenye mti asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1915. Hawakuwa wahuni wa mitaani. Walikuwamo wanasheria na watu wa vyeo, na hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa. Msamaha wa jimbo ulikuja mwaka 1986, na kibao cha kumbukumbu kikawekwa mwaka 2008, miaka 93 baadaye. Kipo karibu na barabara kuu, magari yanapita mbio. Tutapita pia, na nimemwomba dereva apunguze mwendo.

Tuingie katika mambo mepesi kidogo. Hadi mwaka 1940 Marietta ulikuwa mji wa watu wasiofika elfu kumi. Kisha vita vya pili vikaleta kiwanda cha Bell, kikubwa ajabu, kilichounda ndege za mabomu za B-29, zaidi ya 660 kwa jumla, kikiwa na wafanyakazi takriban 28,000 kilipofikia kilele, wakiwamo wanawake wengi. Kilifungwa mwaka 1945, na kampuni ya Lockheed ikakifungua tena mwaka 1951. Tangu katikati ya miaka ya hamsini humo ndimo inamoundwa ndege ya C-130, Hercules, na hadi leo inaundwa humo. Binamu yetu mmoja alipakia magunia ya mahindi katika ndege za namna hiyo kule Lokichoggio miaka ya tisini, zikienda kudondosha chakula Sudan ya Kusini. Alipokuja kunitembelea na kuiona ikipaa juu ya maduka, alisimama katikati ya maegesho akiipungia mkono kama mtu aliyemwona mwanakijiji mwenzake.

Na yuko Kuku. Nimeona wengine mmekwisha kupiga picha naye, kwa hiyo sina la kuwafunulia. Ni kuku wa mabati mwenye urefu wa mita 17, alijengwa mwaka 1963 juu ya mkahawa kando ya Cobb Parkway, mdomo wake unafunguka na macho yanazunguka. Wenyeji humwita Big Chicken. Mwaka 1993 dhoruba ilimharibu, na wenye mkahawa walipofikiria kumbomoa, mji mzima ulipiga kelele hadi akajengwa upya. Hata marubani husemwa kuwa humtumia kujua njia. Mtu akikuelekeza hapa hasemi namba ya barabara. Husema pinda kushoto kwa Kuku.

Marehemu kaka yetu mkubwa alinifundisha mji huu kwa njia hiyo. Nilikuja kuishi naye yeye akiwa amehamia hapa kutoka jimbo jingine kwa kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku, na siku ya kwanza alinichorea ramani nyuma ya bahasha: nyumba, kazini, kanisani, na katikati ya yote akachora kuku. Mimi, na pengine nusu ya walio katika ukumbi huu, tuliingia nchi hii tukiwa na bahasha hiyo mfukoni au nakala yake.

Mnajua kilichotokea. Alifariki Mei 2020. Ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimamishwa kule nyumbani tangu Machi, na hazikuruhusiwa tena mpaka Agosti. Tulisimama kaburini watu kumi, tumeachana kwa hatua, vinywa vimefunikwa; wengine wote mlitazama kwenye simu. Usiku ule Baba mdogo alinipigia akaniuliza tumemlaza wapi. Nikamjibu: "Ni kwa muda tu, Baba. Tutamleta." Hakuna aliyeniagiza kusema hivyo, wala shemeji, wala wanawe. Nilisema mwenyewe, kwa sababu sikuweza kuvumilia kimya cha upande wa pili wa simu. Ahadi ile ndiyo ajenda ya Jumapili. Na kwa sababu yake, kaburi la kaka halina jiwe hadi leo. Lina kibao kidogo cha bati alichokiweka mwenye kuzika, na maandishi yake yameanza kufutika.

Nisameheni, kamati, nilisema nitajitahidi.

Baba mdogo aliniandikia barua njema, akanikumbusha desturi ya kale ya Taita, kabla ya wamisionari: mzee akizikwa, baada ya muda fuvu lake lilitolewa kaburini na kuwekwa katika pango la mawe pamoja na ya baba zake. Kumhamisha mfu, alisema, si jambo geni kwetu. Ni kweli, na nilikosa jibu kwa miezi kadhaa. Jibu nililo nalo sasa ni hili, nalitoa mbele zake kwa heshima zote. Pango lile lilikuwa mwendo wa miguu kutoka nyumba za watoto wa marehemu. Walikwenda kusafisha, walikwenda kusema naye mambo yalipowashinda. Wana wa kaka wanaishi dakika kumi na mbili kutoka alipolala. Binti yake huenda kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Kijana wake, ambaye Kiswahili chake ni cha kukwaruza, huongea naye Kiswahili pale, na pale tu.

Hilo ndilo jambo la pili ninalojiuliza kila nikisimama katika makaburi ya Cole: ni nani atakayekuja kusimama hapa? Wale wa Kusini na Kaskazini waligawanyika kwa sababu kila upande uliona ardhi ya mwenzake haistahili wafu wake. Baba mdogo hajaniambia kwamba ardhi hii haistahili. Ameniambia haijui. Ndiyo maana nilikubali kazi hii ya kusimulia, na ndiyo maana sikuuficha ule mti wa 1915. Nilitaka mkate shauri mkiujua mji wenyewe, uovu wake na kuku wake.

Sikuja kuomba ahadi yangu ifutwe bila ya idhini ya niliyemwahidi. Ikiwa Jumapili wazee mtaamua arudi Wundanyi, nitakuwa wa kwanza kuchanga na nitapanda naye ndege. Ninaloomba ni kwamba uamuzi usifanyike kabla ya kesho jioni.

Basi litaondoka mlangoni mwa hoteli saa mbili kamili asubuhi. Tutaanza uwanja wa mji na Kennesaw House, kisha makaburi ya Kusini, kisha ya taifa; vaeni viatu vya kutembelea, maana kilima kina majani yenye umande. Chakula cha mchana kitaliwa chini ya mlima Kennesaw, na wenye nguvu watapanda. Watoto watapata dakika ishirini za Kuku. Kwa kaka tutafika saa tisa. Shemeji ameomba tusilete maua ya dukani, kwa kuwa atakuja na ya bustanini kwake. Amemtengea Baba mdogo kiti upande wa kivuli cha msonobari, na ameniambia nimkumbushe kwamba hakuna atakayemharakisha.